Kirusi Hakizoei Dawa: Mhadhara Kuhusu Usugu wa VVU

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za mchana. Nawashukuru wahudumu wa afya na wanafunzi mliofika, na zaidi nawashukuru ninyi mnaoishi na VVU, kwa kuwa jambo nitakalolizungumza, usugu wa VVU, yaani kirusi kuendelea kuzaliana ingawa mtu anameza dawa, linawahusu kuliko linavyotuhusu sisi wa maabara.

Ninaanza na neno ambalo tunalisikia kliniki kila siku: kuzoea. Mama anapoambiwa kwamba wingi wa virusi katika damu yake umepanda, huuliza kama mwili wake umezoea dawa, na mara nyingi anayemjibu humwitikia kwamba ndivyo. Naomba leo tuliweke neno hili pembeni. Mwili wa mama huyo haujazoea kitu, wala kirusi hakijajifunza kuikwepa dawa kama mwizi anavyojifunza njia za mlinzi. Kilichotokea kilianza kabla hajameza kidonge cha kwanza, na kilianza kwa makosa ya kunakili.

VVU hubeba maelekezo yake yote katika uzi mmoja mfupi wenye herufi za kikemia zisizofika 10,000. Kikiingia ndani ya seli ya CD4, mojawapo ya seli za kinga ya mwili, kimeng'enya chake, yaani protini inayofanya kazi ya kikemia, kiitwacho rivasi transkriptesi huunakili uzi huo ili nakala ipandikizwe katika vinasaba vya seli yenyewe. Mfikirieni karani anayenakili barua ndefu kwa mkono, haraka haraka, wala harudii kusoma alichoandika. Seli zetu zina makarani wanaorudia kusoma na kufuta, huyu hana. Kwa wastani hukosea herufi moja katika kila makumi kadhaa ya maelfu, na hiyo maana yake ni kwamba katika kila nakala tatu au nne, moja hivi imetofautiana na ile iliyonakiliwa. Katika mwili usiopata tiba, chembe mpya za kirusi zinazozalishwa kwa siku moja hukadiriwa kufika bilioni 10. Makosa mengi humwangusha mwenyewe: nakala inatoka mbovu na kufa. Lakini kwa idadi kubwa kiasi hicho, karibu kila kosa la herufi moja linaloweza kutokea litatokea leo, na kesho litatokea tena, ndani ya mtu mmoja.

Sasa dawa inaingia. Dawa haitengenezi usugu. Inachofanya ni kuwaondoa washindani wa ile nakala iliyokwisha kuwa na kosa linaloifaa. Kiangazi kikikausha mahindi, mtama hubaki umesimama, na hakuna mkulima atakayesema kwamba mahindi yamejifunza kuwa mtama.

Niwaonyeshe mfano mmoja kwa karibu, kwa sababu naona watu wengi wamewahi kuiona alama ya M184V kwenye karatasi ya majibu ya kipimo cha usugu bila ya kuelezwa ni nini. Kimeng'enya kile cha kunakili kimeundwa kwa mnyororo wa asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini. Katika nafasi ya 184, methionini huandikwa kwa herufi tatu, AUG. Karani akikosea, A ya mwanzo ikawa G, panaandikwa valini: M ya methionini imekuwa V ya valini. Ni herufi moja tu, lakini valini ina tawi linalochomoza pale ambapo lamivudini, mojawapo ya dawa za VVU, inatakiwa kukaa, nayo lamivudini hukosa nafasi. Mtu anayetumia lamivudini peke yake hupata usugu huu kwa muda wa wiki chache tu. Hata hivyo, kirusi chenye badiliko hili hulilipia: hunakiliwa kwa shida zaidi, tena hudhurika kwa urahisi zaidi kinapokutana na dawa nyingine kama tenofovir au zidovudini. Ndiyo sababu daktari anaweza kuiacha lamivudini katika mchanganyiko hata baada ya kuiona M184V, jambo ambalo huwashangaza wagonjwa na wauguzi wapya.

Zidovudini, tuliyoizoea kwa jina la AZT, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na ilipofika 1989 watafiti walikwisha kutangaza kwamba virusi vya wagonjwa walioitumia kwa miezi sita au zaidi vilikuwa sugu kwayo. Jibu lilipatikana mwaka 1996, dawa tatu zilipoanza kutumiwa kwa pamoja, na msingi wake ni hesabu ya kawaida. Kosa moja mahususi hutokea kila siku. Makosa mawili mahususi kwenye nakala ileile ni nadra. Makosa matatu yanayohitajika kuzishinda dawa tatu kwa mara moja karibu hayatokei kabisa, alimradi dawa zote tatu zipo katika damu kwa wakati mmoja. Naomba mshike sharti hilo la mwisho, kwa sababu ndipo historia yetu ya Afrika Mashariki inapoingia.

Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mama alimeza kidonge kimoja cha nevirapini, dawa nyingine ya VVU, uchungu ulipoanza, mtoto akapewa matone ya dawa hiyo ndani ya saa 72, na maambukizi kwa watoto yakapungua kwa karibu nusu yakilinganishwa na tiba fupi ya AZT. Mimi nauheshimu sana utafiti ule. Wakati huo dawa tatu kwa maisha yote zilikuwa hazipatikani kwa akina mama wengi wa huku, na watoto wengi wako hai kwa sababu ya kidonge kile. Lakini nevirapini haitoki mwilini upesi; baada ya kidonge kimoja hubaki kwenye damu siku nyingi, pengine wiki mbili au tatu, ikishuka polepole, iko peke yake, na virusi vinaendelea kunakiliwa mbele yake. Usiombe mazingira bora kuliko hayo kama unataka kuchagua usugu. Wiki chache baada ya kujifungua, takriban mama mmoja kati ya wanne alikutwa na virusi sugu, mara nyingi vyenye badiliko la K103N au Y181C, makosa mengine ya herufi katika kimeng'enya kilekile cha kunakili. Uchunguzi uliofuata katika nchi nyingine za Afrika ulionyesha kwamba mama aliyeanza tiba yenye nevirapini mapema baada ya kidonge hicho, hasa kabla ya miezi sita, hakufanikiwa sawa na wenzake ambao hawakuwahi kumeza kidonge hicho.

Mkia huohuo wa dawa, yaani kubaki kwake mwilini peke yake ikishuka polepole, unaeleza kwa nini kukatisha dozi kuna hatari. Kwa miaka mingi wengi wenu mlimeza kidonge chenye tenofovir, lamivudini na efavirenz. Dawa ikiisha kituoni, au nauli ya kwenda kliniki ikikosekana, hizo mbili za kwanza hutangulia kupungua na efavirenz husalia siku kadhaa bila wenzake. Hapo mtu amerudishwa kwenye tiba ya dawa moja bila kujua. Ninaposikia mgonjwa aliyekuta stoo tupu akiitwa mtoro wa dawa, huwa naumia, maana kirusi hakitofautishi aliyesahau na aliyenyimwa.

Dolutegravir, iliyochukua nafasi ya efavirenz katika nchi zetu kuanzia miaka ya 2018 na 2019, hung'ang'ania kimeng'enya kingine cha kirusi, integresi, kile kinachopandikiza nakala katika vinasaba vya seli, kwa nguvu na kwa muda mrefu, na mabadiliko yanayoishinda humgharimu kirusi sana. Tusilale, lakini. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliripoti kwamba miongoni mwa watu wanaoitumia lakini wingi wa virusi vyao bado uko juu, usugu ulikutwa kwa asilimia 3.9 hadi 8.6, na ulifika 19.6 kwa waliohamishiwa dawa hiyo wakiwa tayari na virusi vingi.

Nimalizie na swali nililoletewa kabla hatujaanza: usugu ukishapatikana, unaisha? Kwenye damu, M184V hufifia dawa zikiachwa, kwa sababu virusi vya asili hunakiliwa haraka kuliko vyenye badiliko hilo. K103N, ambayo haikigharimu kirusi sana, inaweza kuonekana kwa miaka. Lakini hata kile kilichofifia hakijaondoka. Baadhi ya seli za CD4 hulala zikiwa na nakala ndani ya vinasaba vyake, na huweza kulala miongo. Kwa hiyo mama aliyepewa kidonge kimoja cha nevirapini chumba cha kujifungulia mwaka 2003 huenda bado ana nakala ya siku zile, imetulia, na kidonge anachomeza sasa hakihusiani nayo. Ila sindano za VVU za muda mrefu, zenye dawa za cabotegravir na rilpivirine, zimekwisha kujaribiwa Uganda, Kenya na Afrika Kusini, na Y181C, ileile inayoweza kuachwa na nevirapini, huidhoofisha hiyo rilpivirine. Siku mama huyo atakapoulizwa kama angependa kuhamia sindano, mwuguzi atahitaji kumwuliza pia alijifungulia wapi, mwaka gani, na alipewa nini usiku ule.