Unai Emery: Kocha na Mahali Anapofundishia

Walimu wangu wa mpira, makocha wa timu za vijana, wachezaji na wapenzi wa soka mliofika jioni hii, habari zenu. Nashukuru kwa mwaliko. Niliombwa nizungumzie makocha wa Hispania na safari zao, na hapo ningeweza kukaa hadi usiku nikiwataja Aragonés, Del Bosque, Guardiola na Luis Enrique. Nimechagua mmoja tu, Unai Emery, na sababu yangu ni kwamba naona bado hajatendewa haki.

Huku kwetu wengi walianza kumfuatilia mwaka 2018, alipokabidhiwa Arsenal baada ya Arsène Wenger kuondoka akiwa amekaa miaka 22. Mwaka mmoja na nusu haukutimia vizuri, akafukuzwa. Kwenye mabanda ya kuonyeshea mpira, na mnajua Arsenal ina watu wengi kiasi gani Afrika Mashariki, hukumu ikatolewa siku hiyohiyo: huyu ni kocha wa timu ndogo, timu kubwa haziwezi. Hukumu hiyo naisikia mpaka leo na naipinga. Ukiiangalia kazi yake tangu mwanzo utaona kwamba ukubwa wa timu hauna uhusiano na suala hili. Emery ni mfundishaji. Akipata klabu inayomwachia afundishe, na wachezaji wanaokubali kufundishwa, timu inapanda. Asipopata hayo, anahangaika kama ambavyo yeyote kati yetu angehangaika.

Alizaliwa mwaka 1971 Hondarribia, mji wa pwani katika nchi ya Wabaski, mpakani kabisa na Ufaransa. Babu yake, Antonio Emery, alikuwa kipa wa Real Unión ya Irún, klabu iliyotwaa Kombe la Mfalme mwaka 1924 na 1927. La Liga, ligi kuu ya Hispania, ilipoanza mwaka 1929, huyo babu ndiye kipa wa kwanza kufungwa bao katika historia ya ligi hiyo. Baba naye alikuwa kipa. Mwaka 2021 familia ya Emery iliinunua Real Unión, na mimi napenda sana jambo hilo, kwa sababu linaonyesha watu wanaojua walikotoka.

Unai mwenyewe alicheza winga ya kushoto. Alikulia Real Sociedad, akapewa mechi chache tu za timu ya kwanza, kisha maisha yake yote ya uchezaji akayamalizia zaidi daraja la pili na la tatu: Toledo, Racing Ferrol, Leganés, Lorca. Hapo Lorca, katikati ya msimu wa 2004/05, goti likamkatalia. Klabu ikamfukuza kocha na kumwomba Emery, aliyekuwa bado mchezaji wao mwenye miaka 33, ashike timu. Aliipandisha daraja la pili msimu uleule, jambo ambalo klabu hiyo haikuwahi kulifanya, na msimu uliofuata ikamaliza ya tano. Akaenda Almería, akaipandisha La Liga mwaka 2007 kwa mara ya kwanza katika historia yake, na mwaka uliofuata ikamaliza nafasi ya nane, huku Real Madrid wakifungwa 2-0 kwenye uwanja wake.

Valencia ilimchukua mwaka 2008. Klabu ilikuwa na madeni ya kutisha, ujenzi wa uwanja mpya ulisimama mwaka 2009 na nguzo zikabaki zimesimama vilevile. Mwaka 2010 wakauzwa David Villa na David Silva, mwaka 2011 akauzwa Juan Mata. Emery alimaliza nafasi ya tatu misimu 3 mfululizo, nyuma ya Barcelona ya Messi na Real Madrid ya Ronaldo. Mashabiki wa Mestalla, uwanja wa Valencia, hawakuridhika na wakamzomea. Nauliza tu: nafasi ya tatu ingekuwa ya nani kama si kwa kazi yake, ikiwa kila dirisha la usajili linakuja na barua ya kumuuza mtu?

Ni Valencia ambako sifa yake ya video ilienea. Joaquín, winga aliyekuwa naye pale, alisema kwamba Emery aliwaonyesha video nyingi hadi bisi zikamwishia. Kipo pia kisa kinachosimuliwa sana cha mchezaji aliyekabidhiwa flashi yenye video za mpinzani akaitazame nyumbani. Siku iliyofuata akaulizwa kama ameitazama, akasema ndiyo. Flashi ilikuwa tupu. Watu hucheka kisa hiki, lakini kocha wa vijana anatakiwa akitafakari. Emery alikuwa anataka kujua kabla ya mechi nani amebeba maagizo kichwani na nani anabahatisha, maana uwanjani hakuna nafasi ya kuuliza tena.

Spartak Moscow nitaipita haraka. Alidumu miezi michache mwaka 2012, hakuelewana na chumba cha kuvalia, akafukuzwa baada ya kufungwa 5-1 nyumbani na Dynamo.

Sevilla ndiko ningependa tukae. Aliingia Januari 2013, timu ikamaliza ya tisa. Nafasi ya tisa haimpeleki mtu Ulaya, lakini Málaga walifungiwa na UEFA na Rayo Vallecano wakanyimwa leseni, hivyo Sevilla wakaingia Ligi ya Europa, mashindano ya pili kwa ukubwa ya klabu Ulaya, kupitia mlango huo, wakianzia hatua za mchujo mwezi Agosti. Wakati huohuo Jesús Navas na Álvaro Negredo wakauzwa Manchester City. Hatua ya 16 bora wakapangwa na Betis, jirani zao wa mji mmoja, wakafungwa 2-0 nyumbani, wakaenda kushinda 2-0 ugenini na kupita kwa penalti. Porto waliwafunga 1-0, wakajibiwa 4-1. Nusu fainali ikawa na Valencia, klabu iliyomzomea. Sevilla walishinda 2-0 kwao, kisha Mestalla wakafungwa tatu, na dakika za nyongeza zikawa zinayoyoma. Ukarushwa mpira mrefu wa kurusha kwa mikono, ukaguswa kwa kichwa, na Stéphane Mbia akaruka akaufunga kwa kichwa dakika ya 94. Fainali Turin dhidi ya Benfica, bila bao, kipa Beto akaokoa penalti mbili.

Mwaka 2015 wakachukua tena kwa kuifunga Dnipro 3-2 jijini Warsaw. Mwaka 2016 wakachukua mara ya tatu mfululizo, Basel, dhidi ya Liverpool ya Klopp. Mapumziko Sevilla walikuwa nyuma 1-0 na walizidiwa kila kona. Kipindi cha pili kilipoanza tu Kevin Gameiro akasawazisha, kisha Coke akafunga mawili. Katika miaka hiyo mkurugenzi wa michezo, Monchi, alikuwa anauza kila mwaka: Rakitić akaenda Barcelona, Alberto Moreno Liverpool, Bacca Milan. Kocha anapokea wageni kila Agosti na kuwafundisha upya. Anayeamini kwamba makombe matatu ni bahati ajaribu kufanya hivyo na timu yake ya mtaa misimu 3.

Sasa tuje Paris, kwa sababu siwezi kuwaficha. Machi 2017, akiwa na PSG, alikwenda Barcelona na ushindi wa 4-0 mkononi, akafungwa 6-1, mabao matatu ya mwisho yakiingia kuanzia dakika ya 88. Hilo ni doa na litabaki. Timu ilirudi nyuma mno, ikaogopa mpira, na kocha hakuweza kuitoa golini kwake. Msimu uliofuata alitwaa ligi na makombe yote mawili ya ndani ya Ufaransa, lakini kwenye chumba kile mastaa walikuwa na sauti kuliko benchi la ufundi. Arsenal nako alifungwa mechi mbili za kwanza, kisha akaenda mechi 22 bila kufungwa, akafika fainali ya Europa jijini Baku na kuchapwa 4-1 na Chelsea. Baadaye mambo yakamharibikia: Mesut Özil hakuelewana naye, nahodha Granit Xhaka akazomewa na mashabiki wake mwenyewe, mechi 7 zikapita bila ushindi. Na kuna jambo lililoniuma: watu walifanya matamshi yake ya Kiingereza kuwa kichekesho. Sisi tunaofundisha katika nchi zenye lugha nyingi tunajua ni kazi gani kumweleza mtu mbinu kwa lugha ambayo hukuzaliwa nayo. Hilo halikuwa jambo la kumdhihaki mtu.

Akaenda Villarreal, klabu ya mji wa watu kama 50,000 hivi. Mwaka 2021 akaitoa Arsenal kwenye nusu fainali, na tarehe 26 Mei wakakutana na Manchester United jijini Gdańsk. Dakika 120 ziliisha 1-1. Emery alikuwa ameshaingiza wachezaji kadhaa wenye miguu mipya kabla ya dakika ya 90, wakati Solskjær, kocha wa United, alifanya badiliko lake la kwanza kwenye dakika ya 100. Penalti zikapigwa na wote 22 waliokuwa uwanjani. Kipa Gerónimo Rulli akafunga ya kwake, akaokoa ya kipa mwenzake De Gea, 11-10. Ndilo kombe kubwa la kwanza la klabu hiyo. Msimu uliofuata wakazitoa Juventus na Bayern Munich kwenye Ligi ya Mabingwa, wakasimamishwa na Liverpool nusu fainali.

Aston Villa, ambayo Watanzania wengi walianza kuifuata Mbwana Samatta alipojiunga nayo Januari 2020, ilimwita mwishoni mwa 2022, ikiwa karibu na mstari wa kushuka daraja. Ilimaliza ya saba. Msimu wa 2023/24 ikamaliza ya nne na kurudi katika mashindano makubwa kuliko yote ya klabu Ulaya, ambayo sasa ni Ligi ya Mabingwa, baada ya miaka 41. Nini kilibadilika? Wachezaji wengi walikuwa walewale, Watkins, Konsa, McGinn, Martínez golini. Kilichobadilika ni mafunzo. Villa wakiwa na mpira, kipa na mabeki wanapigiana pasi fupi bila haraka, mpaka mshambuliaji wa mpinzani akose uvumilivu na kupanda kukaba. Akishapanda ameacha nafasi nyuma yake, na pasi ya tatu inapita hapohapo. Wasipokuwa na mpira, mabeki wanasimama juu, mstari mmoja, na msimu ule hakuna timu ya Ligi Kuu ya England iliyowanasa wapinzani wengi kwenye mtego wa kuotea kama wao. Mtego huo una gharama yake: siku ya kwanza ya msimu huohuo Newcastle waliwafunga 5-1 kwa kupenya nyuma ya mstari. Emery hakuuacha. Aliurekebisha mazoezini, hatua kwa hatua, nani apige hatua ya kwanza kupanda na nani amfuate.

Msimu wa 2024/25 waliishia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakifungwa na PSG, mabingwa wa mwaka ule, kwa jumla ya 5-4, na kwenye ligi wakakosa nafasi ya kurudi kwa tofauti ya mabao tu.

Kabla ya maswali naomba tutazame bao moja. Ni tarehe 2 Oktoba 2024, Villa Park, Bayern wapo uwanjani na wameshika mpira muda mrefu. Dakika ya 79 Pau Torres anainua kichwa akiwa nusu yake na kupiga mpira mrefu nyuma ya mabeki. Jhon Durán, aliyetoka benchi muda mfupi kabla, anaupiga palepale bila kuutuliza, akiwa nje ya boksi, unampita Manuel Neuer juu na kuingia. Nawaomba makocha msimwangalie Durán mara ya kwanza. Angalieni alipokuwa amesimama Neuer kabla Torres hajapiga, na angalieni mstari wa mabeki wa Bayern ulivyopanda. Tutalirudia bao hilo mara tatu, kisha nitamwomba mmoja wenu aje ubaoni atuchoree.