Kichwa Kalenga, Kiwiliwili Mlambalasi

Kamwene, wazee wangu. Kamwene, vijana. (Wa mbele tu ndio mmeitikia, huko nyuma naona mmehamia Iringa juzi.)

Nimeombwa nizungumzie kumbukumbu ya Mutwa Mkwawa, chifu wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Nianze na jambo linalonikera. Ukishika barabara ya Morogoro, ukafika Lugalo, utaukuta mnara. Wageni wengi hupiga nao picha wakidhani ni wa Mkwawa. Si wake. Waliusimamisha Wajerumani kumkumbuka kamanda wao Emil von Zelewski na wenzake waliouawa tarehe 17 Agosti 1891, pale Wahehe walipochomoka vichakani na mikuki kabla askari hawajawahi hata kujipanga. Tulioshinda ni sisi, aliyejenga mnara ni aliyepigwa!

Sisi ushindi ule tuliuweka kwenye majina. Kambi ya jeshi kule Dar es Salaam ni Lugalo. Hapa mjini tuna chuo cha Mkwawa, na mpirani tukawa na timu ya Lipuli.

Sasa twende Kalenga, makao makuu ya Mkwawa. Oktoba 1894 mizinga ya von Schele, gavana wa Kijerumani, iliibomoa ngome yake. Mkwawa akaponyoka, akapigana porini miaka karibu minne, huku kichwa chake kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, kule Mlambalasi, alijipiga risasi. Sajenti Merkl wa jeshi la Wajerumani alimwona amelala, akamfyatulia kichwani. Kumbe anampiga maiti. Kichwa kikakatwa, kikaishia Ujerumani.

Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo katika miezi sita. Miezi sita ikazaa miaka 35. Mwisho Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, kwenye mafuvu kama 2,000, yakachambuliwa yaliyotoka huku kwetu, yakapimwa na kulinganishwa na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Likachaguliwa moja, lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 alimkabidhi mjukuu, Chifu Adam Sapi, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Kuna anayeuliza kila mwaka: ni lake kweli? Kupima fuvu kwa namna ile, kwa macho ya leo, ni kubahatisha, sikatai. Lakini familia ililipokea kama la babu yao. Mimi nani nikawafundishe ndugu zao?

Wapo wanaotaka Kalenga ijengwe sanamu kubwa, ionekane kutoka mbali. Mimi sitaki. Makumbusho ya Kalenga ni ndogo; ukiingia tu, fuvu hilo hapo, ndani ya kioo, usawa wa kifua chako. Unaliona tundu. Unaziona na alama za vidole vya watoto wa shule waliolisogelea. Watu hushusha sauti bila kuambiwa. Sanamu ya mita kumi haiwezi kukufanyia hivyo. Itakufanya utafute pembe ya kupigia picha, basi. Pesa hiyo ipelekwe Lugalo, upande wa pili wa mnara wa Mjerumani, wakumbukwe wenye mikuki.

Kiwiliwili chenyewe kimezikwa Mlambalasi, chini ya miamba, kama kilomita 50 kutoka hapa. Wanaokwenda Jumamosi, gari linaondoka saa moja kamili. Kandambili msije nazo, pale ni mawe matupu.