Sikilizeni Mguu wa Kulia

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika mapema. Nimeombwa niseme machache kabla ya onyesho, na nitajitahidi yawe machache kweli, maana mpiga piano yuko nyuma ya mlango ule, amekwisha kupasha vidole moto, na kila dakika ninayoiongeza hapa vidole vile vinapoa.

Ratiba mnayo mikononi. Kabla ya mapumziko ni Scarlatti na Bach, watu wa enzi ya Baroki, iliyoishia katikati ya karne ya 18. Baada ya mapumziko ni Chopin na Brahms, watu wa karne ya 19, enzi ya Uromantiki. Wengi wetu tumefundishwa kwamba Baroki ni muziki wa akili na Uromantiki ni muziki wa moyo. Mgawanyo huo siupendi. Anayedhani Bach hana moyo hajamsikiliza, na anayedhani Chopin alitunga kwa machozi tu, ajaribu kuufumua ukurasa mmoja wa kazi zake aone hesabu iliyomo. Leo nawaomba mtafute tofauti mahali pengine, chini kabisa, kwenye kiatu cha kulia cha mpigaji.

Tuanze na Domenico Scarlatti. Alizaliwa 1685, mwaka uleule wa Bach na Handel, na ametuachia sonata, yaani vipande vya kinanda, zaidi ya 550, nyingi zikiwa fupi kiasi kwamba ukikohoa vibaya umekosa nusu yake. Alikuwa mwalimu wa binti mfalme wa Ureno, Maria Bárbara, akamfuata Hispania alikoolewa. Chombo cha siku zile kilikuwa hapsikodi, kinanda cha nyuzi kilichotangulia piano. Ukibonyeza, kijiti kinapanda ndani, na kipande cha unyoya wa ndege kilichochomekwa ubavuni mwake kinaukwanyua uzi, kama kidole kinavyoukwanyua uzi wa gitaa. Bonyeza kwa hasira au kwa upole, sauti ni karibu ileile. Ukiinua kidole, kijiti kinashuka, kitambaa kinauangukia uzi, kimya. Hakuna pedali ya kuizuia sauti isife. Kinachotaka kuendelea kulia lazima kishikwe na kidole.

Ukilijua hilo, kazi za Baroki zinabadilika masikioni. Mapambo yale, noti zinazotetemeka, zinazozunguka jirani zake, si ushanga wa kuvalishwa wimbo uliokwisha kamilika. Noti ndefu kwenye hapsikodi inafifia upesi, basi mtunzi anaitikisa iendelee kuishi. Na ile mikono ya Scarlatti inayopishana, wa kushoto ukiruka juu ya wa kulia kwenda kuchukua noti moja na kurudi, ni njia ya kupata upana kwa mtu asiyeweza kupata ukubwa wa sauti.

Piano nayo ilikwisha kuzaliwa. Bartolomeo Cristofori aliitengeneza Florence mnamo 1700, akaweka nyundo badala ya unyoya, na ikaitwa jina refu lililomaanisha kinanda chenye sauti ndogo na kubwa. Bach alionyeshwa piano za fundi Gottfried Silbermann akazilaumu: noti za juu dhaifu, vibonyezo vizito. Fundi alikasirika, lakini akazirekebisha. Mwaka 1747 Bach alizipiga zile mpya mbele ya Mfalme Friedrich wa Prussia, huko Potsdam. Kwa hiyo wanaosema Bach kwenye piano ni uasi, wapunguze ukali kidogo. Mwenyewe aliigusa.

Leo mtasikia preludi, yaani kipande cha utangulizi, na fuga ya C ndogo, kutoka mkusanyo wa kwanza wa Bach wa 1722 wenye jozi 24, moja kwa kila skeli. Fuga, jamani. Neno hili limetujia likifanana kwa bahati mbaya na kufuga mifugo, na anayelikuta kwenye ratiba mara ya kwanza ana haki ya kushangaa. Asili yake ni kukimbia. Sauti moja inaanza, ya pili inaingia na maneno yaleyale, ya tatu nayo inafuata, na mikono miwili inatakiwa kuwa watu watatu. Nimewahi kupotea humo mbele ya watu. Mada, yaani ule wimbo mfupi ambao kila sauti huingia nao, ilirudi kama ilivyokuja mwanzo, kidole changu cha nne kikafuata njia ya ukurasa wa kwanza badala ya njia ya kutokea, nikajikuta nimerudi nilikotoka. Niliizunguka fuga ile mara mbili. Bibi mmoja alinijia baadaye akanisifu kwa kuirefusha.

Katika fuga, mguu ukikosea, kila kitu kimekwenda. Pedali ya kulia huinua vizima-sauti vyote vya piano kwa mara moja, nyuzi zote zikawa huru, hata zisizopigwa zikaitikia. Ukiikanyaga hovyo kwenye Bach, wale watu watatu wanageuka umati. Ndiyo maana wapo walimu wanaoipiga marufuku kabisa. Mimi nawapa nusu ya haki. Hapsikodi haikuwa na pedali, sawa, lakini ubao wake wenyewe unavuma, na kumbi za mawe zilivuma zaidi. Piano kavu kabisa katika ukumbi wenye zulia si uaminifu kwa mtu yeyote. Mpigaji wetu wa leo, nimemsikiliza akijaribu mchana, anaigusa pedali kama mtu anayepima joto la maji kwa ncha ya kidole.

Neno moja kuhusu kukaa jukwaani peke yake usiku kucha. Si desturi ya kale. Zamani mpiga piano alichangia jukwaa na waimbaji na okestra. Franz Liszt ndiye aliyethubutu kujitosha mwenyewe, na mwaka 1840 matangazo yake mjini London yalitumia neno “recitals”, linalotumika kwa mtu anayeghani mashairi. Watu wakacheka: piano inaghaniwaje? Kupiga bila karatasi nako kulikuwa kujitanua. Mpiga piano Clara Schumann, wakati huo hajaolewa na bado anaitwa Clara Wieck, alilaumiwa kwa hilo akiwa msichana. Leo tunamlaumu anayekuja na karatasi. Ndivyo tulivyo.

Sasa Chopin. Majira ya baridi ya 1838 hadi 1839 alikuwa kisiwani Majorca, mgonjwa, anakamilisha preludi zake 24, na mizigoni alikuwa amebeba Bach. Alipokaribia kupiga mbele ya watu hakujinoa kwa kazi zake mwenyewe. Alijifungia akapiga Bach. Basi msimsikilize kama mtu aliyelivunja daraja nyuma yake.

Ila mguu wake ni mwingine kabisa. Chukueni noktani, kipande chenye utulivu wa usiku, ya D bemoli, opus 27 namba 2, iliyochapishwa 1836. Mkono wa kushoto unagusa noti ya chini sana, kisha unapanda, unapanda, unavuka mahali ambapo kiganja cha binadamu hakiwezi kufika huku kikiishikilia ile ya chini. Kwenye hapsikodi besi ingekufa pale pale kidole kinapoondoka. Hapa inabaki, kwa sababu mguu umeishika. Noti zile zimetungwa zikijua kwamba kuna mguu. Ondoeni pedali na hamtabaki na Chopin mkavu, mtabaki na vipande. Bach bila pedali bado ni Bach mzima, na hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa naitafuta nilipowaambia habari ya kiatu.

Jambo la kusikiliza hapo ni wakati pedali inapobadilishwa. Harmonia inageuka, mguu unapanda na kushuka mara moja, na kama umechelewa hata kidogo, rangi ya zamani inachafua mpya. Mara chache uchafu huo ni wa makusudi, na ni mzuri.

Tutamaliza na Brahms, ambaye mwaka 1861, akiwa na miaka 28, alichukua wimbo mdogo wa Handel wa hapsikodi akautungia mageuzo 25, yaani wimbo uleule ukibadilishwa sura kila mara, na fuga juu yake, akampa Clara Schumann, ambaye ndiye aliyeupiga hadharani kwanza. Mageuzo sitayaeleza, yanajieleza. Lakini ile fuga ya mwisho! Sheria ni za Bach, kila sauti ijulikane inaingia lini. Piano ni ya karne ya 19, oktava juu ya oktava, mikono imejaa, besi inalia kama kengele. Kwa sheria, mguu ungetakiwa uondoke. Kwa sauti, ungetakiwa ukae. Wapo wapigaji wanaochagua kelele, tunawapigia makofi tukiwa hatujasikia sauti ya katikati hata moja. Wapo wanaochagua usafi, na jengo lile kubwa linabaki mifupa.

Leo mchana sikumsikia akiifikia fuga hiyo. Alifunga piano kabla. Kwa hiyo tutajua pamoja.

Na ninyi mliokaa upande wa kulia wa ukumbi, nimewasikia mkinung'unika kwamba upande wa kushoto wamewahi viti vya kuonea mikono. Kiatu mtakiona ninyi pia.