Kabla Hamjabonyeza "Sasisha": Mhadhara kwa Vijana wa Studio, Chake Chake

Assalaam alaykum. Naona mmekuja na laptopu zenu kama nilivyoomba, na wako waliotoka Micheweni na Mkoani kwa daladala tangu asubuhi. Ahsanteni. Leo nataka tuzungumze jinsi sasisho la kompyuta linavyoweza kukupotezea wimbo, lakini tuanze na noti moja tu.

E. Kwenye kinanda ni kitufe cheupe, cha tatu ukihesabu kuanzia C. Sasa ukipiga Bayati, moja ya ngazi za sauti za taarab, inayokaa kwenye D, E hii haifai. Inatakiwa ishuke robo toni, isiwe E wala isiwe E flati. Mpiga ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, anaipata kwa kugeuza kijichuma kilicho upande wake wa kushoto. Mpiga fidla anaitafuta kwa kidole. Mpiga kinanda hana pa kuitafuta, ndiyo maana kinanda cha taarab huwekewa mpangilio unaoishusha E peke yake kwa senti 50, yaani nusu ya umbali wa kwenda kitufe cha jirani. Bibi yangu hakujua senti za muziki ni nini, lakini akisikia Bayati yenye E iliyonyooka alikuwa akisema, "Mwambieni huyo akatengeneze kinanda chake kwanza."

Miaka kadhaa nyuma nilirekodi kikundi cha watu watano chumbani kwangu Ng'ambo. Ganuni, fidla, udi na ngoma ya dumbak tulizitegea maiki. Kinanda tulikichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI tu, kikilia kwa plagini, yaani programu ndogo ya sauti, tukisema sauti yake tutairekodi baadaye kwa utulivu. Mpiga ganuni alikuwa mtu mzima sana. Alikaa karibu saa nzima akizilinganisha nyuzi zake, zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila noti. Tukazima feni, tukafunga madirisha, jasho linatutiririka, ndipo akavaa pete zake mbili za kupigia akasema, "Haya."

Ikapita miezi. Usiku mmoja kompyuta ikaleta ujumbe kwamba mfumo mpya uko tayari. Nikabonyeza, nikalala. Niliiamini kama ninavyoiamini simu yangu. Alfajiri naamka, ile taa ya kijani ya kisanduku cha sauti, kile kinachopeleka maiki kwenye kompyuta, haiwaki. Nikachomoa waya, nikachomeka tundu jingine, nikabadilisha na waya wenyewe. Nikafungua wimbo. Ganuni ipo, fidla ipo. Kinanda kimya, na dirisha dogo linasema plagini haikupatikana. Nikakipa sauti nyingine iliyokuwemo kwenye programu, kikalia, na E imenyooka kama rula, kwa sababu ule mpangilio wa kuishusha ulikwenda na plagini. Mpiga kinanda alikuwa ameshahamia Muscat kikazi. Mzee wa ganuni alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Niliumia, na sioni haya kulisema mbele yenu.

Nini kilitokea? Kisanduku cha sauti hakizungumzi na kompyuta moja kwa moja. Katikati pana draiva, kama mkalimani. Draiva nyingi za vifaa vya sauti zimekuwa zikiishi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo endeshi, kwa sababu sauti haisubiri. Ukirekodi kwa kiwango cha 48,000, kila maiki inaleta sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde moja, na zikichelewa kupokewa unasikia mikwaruzo. Wenye mfumo wakibadilisha milango ya kiini, draiva ya zamani inabaki nje. Anayetakiwa kuandika mpya ni aliyekitengeneza kisanduku, na yeye pengine ameshaacha kukiuza, hapati kitu tena kwako. Kwa hiyo unabaki na kifaa kizima kabisa kisicho na mkalimani. Vijana wengi wamewahi kuniletea vifaa hivyo wakidhani vimeungua.

Na hili halikuanza juzi. Mwaka 2011 toleo la Mac liitwalo Lion liliacha kuendesha programu zilizoandikwa kwa prosesa za zamani za PowerPC. Mwaka 2019 likaja Catalina, programu za biti 32, zile za mtindo wa zamani, zikakatwa zote, na plagini nyingi za muziki zilikuwa za biti 32. Mwaka 2018, kwa Mojave, ilikuwa mbaya kwa namna nyingine: programu ilianza kuhitaji ruhusa kutumia maikrofoni, na isiyopata ruhusa ingeweza kurekodi kimya kitupu huku kila kitu kikionekana kinakwenda. Mwaka 2025 Tahoe limeacha kuvitambua vifaa vya FireWire, ule waya wa zamani wa kuunganishia. Windows nako, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kompyuta iwe na TPM 2.0, kijichipu cha usalama ambacho laptopu nyingi za mtumba tunazonunua sisi hazina. Sisi ndio tunaoumia zaidi, kwa sababu kifaa kikifika kwetu kimeshatumika kwa watu, umri wake wa draiva umebaki kidogo.

Lakini angalieni waya wa MIDI. Huu wenye pini tano umetoka 1983, na kinanda cha wakati ule bado kinaelewana na cha leo. Kwa nini? Kwa sababu unabeba kidogo sana, na unachobeba watengenezaji wote walikubaliana. Unasema tu: kitufe namba 64 kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki kati ya 0 na 127, sasa kimeachiwa. Namba 64 ndiyo E yetu. Hausemi E hiyo inalia vipi. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimehifadhi vidole vya mpiga kinanda, sauti yake sikuihifadhi.

Nilijaribu kuirudisha. Kwenye MIDI kuna amri ya kupindisha sauti, lakini inapindisha chaneli nzima, na mimi nataka E peke yake. Nikazitenga noti zote za E, moja moja, nikaziweka kwenye chaneli yao, nikaishusha chaneli hiyo kwa 2,048 kati ya hatua 8,192 zinazoshusha toni nzima. Hiyo ndiyo robo toni. Usiku tatu. Bayati ikarudi, alhamdulillahi. Ile sauti yenyewe ya kinanda, waliyoisikia siku ile wakaicheka kwa furaha, haikurudi.

Sisemi msisasishe. Kompyuta iliyo kwenye intaneti isiposasishwa inaingiliwa, na mtu atapoteza zaidi ya wimbo. Mwenye uwezo aitenge mashine ya studio na intaneti, aiache kama ilivyo. Mwenye kompyuta moja, na najua wengi ndio nyinyi, ainakili diski nzima kwanza, kisha aulize kama draiva yake imeshatoka kwa mfumo mpya. Faili la kusakinisha draiva lihifadhini wenyewe, maana ukurasa wa kupakulia huondolewa. Mkinunua kisanduku, chagueni kile kisichodai draiva yake, kinachotumia ile ya USB iliyomo ndani ya mfumo.

Ninalolitaka zaidi ni hili: siku ya kurekodi isiishe kabla hamjatoa kila treki, yaani kila chombo peke yake, kama faili la sauti tupu la WAV, kinanda kikiwemo, na athari zake zote zikiwemo. Treki zote zianze sekunde ya sifuri, hata dumbak ikiingia dakika ya tatu, ili atakayezifungua kwa programu yoyote azipange zikae sawa. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Ukipata santuri yake, sindano inatosha. Wimbo wangu haukufika hata miaka kumi.

Nimekuja na diski mbili tupu. Tutaanza na mwenye wimbo wa zamani kuliko wote. Wewe wa Micheweni, uliniambia pale mlangoni unayo sauti ya babu yako akipiga udi, na programu imekataa kufunguka. Lete laptopu yako hapa mbele. Na nyinyi wa dirishani, nifungieni hilo dirisha.