Mfuniko wa kioo wa tangi la samaki: mstari mmoja tu

Haya, karibuni. Tunalifunika tangi hili la sentimita 60 kwa 30, maji yasipotee kwa mvuke na samaki warukaji wasikutwe sakafuni asubuhi. Kwa ndani juu lina ukingo mwembamba. Mfuniko utakaa hapo.

Kupima mnajua, ila pima sehemu tatu, kwa sababu matangi mengi yamepinda kidogo. Shika kipimo kidogo kuliko vyote, kisha toa milimita 3. Urefu hapa ni 588, unabaki 585. Mbele hadi nyuma ni 288, unabaki 285. Mfuniko ni vipande viwili vinavyoungwa kwa bawaba; bawaba yetu ya plastiki ina uti wa milimita 5 katikati, nao tunautoa: 280. Kipande cha nyuma 100, cha mbele 180.

Kioo ni cha kawaida, unene milimita 4. Tangi la mita moja lisilo na mhimili katikati, nenda hadi 6. Kioo kilichoimarishwa kwa joto usikiguse: hakikatiki, kinasambaratika chote.

Vaa glavu na miwani. Futa kioo, chovya gurudumu la kikatio kwenye mafuta ya taa.

Sasa tulieni. Gurudumu haliko pembeni kabisa mwa kikatio, kwa hiyo rula haikai juu ya alama. Pima umbali huo; kwenye hiki ni milimita 2 na nusu. Sogeza rula kiasi hicho. Bonyeza, vuta mwendo mmoja, ukingo hadi ukingo. Sikilizeni... ule mkwaruzo mwembamba usiokatika ndio wenyewe. Mstari mmoja! Ukiona sehemu haikushika, usirudie.

Ngoja, mwanga unapiga kioo, hamwoni kitu. Sogeza kamera. Hapo. Mnaona mstari? Mwembamba kama unywele, na ndivyo unavyotakiwa. Ukirudia juu yake unatengeneza nyufa za pembeni, na kioo kitakatika kinakotaka chenyewe. Nimesema usirudie, sivyo?

Weka njiti ya kiberiti chini ya kila mwisho wa mstari, bonyeza pande zote mbili kwa pamoja. Tak! Usisubiri hata dakika chache, kioo kilichochorwa karibuni hukatika vizuri zaidi.

Kona ya bomba la filta na waya: kata mshazari, sentimita 4 kwa 4. Wengi hutaka pengo la mraba kwa sababu linapendeza. Kona ya ndani ya pengo hilo ndipo ufa unapoanzia, basi achana nalo.

Piga kingo msasa wa maji namba 120, kisha 220. Uwe umelowa muda wote; vumbi la kioo si la kuvuta puani.

Ingiza vipande kwenye mifereji ya bawaba. Mpini ni kijipande cha kioo kilichobaki, kimepigwa msasa, kimegandishwa kwa silikoni tupu isiyo na dawa ya ukungu. Ile ya bafuni huwa nayo mara nyingi, na inaua samaki. Acha saa 24. Ikinuka siki bado, iache zaidi.

Weka tangini. Ukigusa kona moja na ile ya mkabala ikanyanyuka, ukingo wa chini hauko sawa: bandika tone la silikoni pale, likauke, ndipo ufunike.