Nyama ya Nguruwe ya Mvuke na Yai la Chumvi, Kama Inavyopikwa Nyumbani Guangdong

Karibuni jikoni, watazamaji wangu. Leo tunapika chakula cha nyumbani cha watu wa Guangdong na Hong Kong, kile wanachokiweka mezani jioni ya siku ya kazi, kila mtu na bakuli lake la wali. Ni nyama ya nguruwe iliyokatwakatwa, ikatandazwa kwenye sahani, ikaiva kwa mvuke na yai la bata la chumvi juu yake. Wenyewe kwa Kikantoni wanaiita jing yuk beng. Ndugu zetu wanaokwenda Guangzhou kufuata mzigo mara nyingi huishia kwenye tambi na wali wa kukaanga, maana ndivyo vinavyopatikana haraka barabarani. Hiki kinataka uwe na mwenyeji, au ukipike mwenyewe.

Shika jambo moja tangu sasa: siri yote ya chakula hiki ni maji. Nyama inyweshwe maji kabla ya kupikwa, na maji hayo yasikimbie yote wakati wa kupika. Ukilielewa hilo, hatua zote nitakazokuonyesha utaona zinakwenda kwenye shabaha hiyo hiyo.

Tuanze na nyama. Hapa nina gramu 400. Mwambie mwenye bucha akukatie bega, sehemu ambayo mafuta yamepita katikati ya nyama, wala usimruhusu ayaondoe. Kipimo kizuri ni sehemu saba nyama na sehemu tatu mafuta, yaani gramu 280 kwa gramu 120. Najua wengi mnayaogopa mafuta, lakini nyama tupu ya paja ikipigwa na mvuke inakaza na kuwa ngumu, na hakuna kiungo kitakachoiokoa. Kama hutaki mafuta kabisa, pika chakula kingine. Na hakikisha nyama ina muhuri wa mkaguzi wa mifugo. Nguruwe wa kwetu wanaofugwa huria wanaweza kuwa na lava wa tegu ndani ya nyama, kwa hiyo muhuri kwanza, bei baadaye.

Sasa kisu. Usimwombe mwenye bucha akusagie kwenye mashine. Mashine inaikamua nyama na kuiponda, mafuta yanatoka yamejipaka kila mahali, na ukishapika unapata kitu kilichoshikana kama soseji. Tunakata kwa mkono. Tenganisha mafuta na nyama. Mafuta yakate kwa kisu vipande vidogo vya mraba, punje ya choroko hivi, uyaweke pembeni, hayo hatuyapigi. Nyama ikate vipande vyembamba, kisha vijiti, kisha vipande vidogo, halafu ndiyo uanze kuipiga kwa kisu kizito kipana. Ukiwa na visu viwili, kimoja kila mkono, kazi inakwenda haraka. Piga kutoka kushoto kwenda kulia, ikunje nyama yote katikati, geuza ubao, rudia. Dakika nane mpaka kumi zinatosha. Tazama hapa: inashikana lakini bado naona chembechembe. Hapo simama. Ikiwa uji, umepitiliza. Weka kitambaa kibichi chini ya ubao usiteleze, na majirani wa chini waambie mapema, maana kelele zipo.

Nyama imeingia bakulini, mafuta bado nimeyaacha nje. Sasa yai.

Hili ni yai la bata lililokaa kwenye maji ya chumvi mwezi mzima, na bado ni bichi. Kwenye maduka ya Kichina hapa mjini yapo, ila mengi yameshachemshwa, kwa hiyo uliza. Lakini kwa nini ununue, wakati mabata yako kila mtaa? Chukua lita moja ya maji, chemsha na gramu 250 za chumvi mpaka iyeyuke yote, uache yapoe kabisa. Osha mayai ya bata yasiyo na ufa, yakaushe, yapange kwenye chupa kubwa ya kioo, mimina maji yale yayafunike. Mayai yatataka kuelea. Yakandamize kwa mfuko mdogo safi uliojazwa maji yale yale ya chumvi, ili hata ukipasuka visiharibike vipimo. Funika, weka mahali penye ubaridi pasipo jua, wiki nne. Pasua moja ulitazame. Ute utakuwa mwepesi kama maji na wenye chumvi kali, na kiini kitakuwa kimekaza, cha mviringo, rangi ya machungwa iliyokolea. Chumvi imekivuta maji kiini, ndiyo maana kikiiva kinatoa mafuta na kuwa na uchangachanga unaopendeza ulimini. Kiini kikiwa bado laini, ongeza wiki moja. Yai likinuka, tupa bila kujiuliza.

Natenga kiini na ute. Ute wote unaingia kwenye nyama, na kwa sababu ya ute huu sitii chumvi nyingine hata kidogo. Ninaongeza sosi ya soya nyepesi kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nyeupe robo kijiko cha chai. Basi. Usitie kitunguu saumu, usitie viungo vya pilau, usitie mchemraba wa supu. Nasema hivyo kwa sababu najua mikono yetu inavyowasha kuongeza. Hapa tunataka kuonja nguruwe na yai.

Ingiza mkono au vijiti, koroga upande mmoja. Ukianza kwa kulia, endelea kulia mpaka mwisho. Chumvi iliyomo kwenye ute na soya inatoa protini ya nyama, na protini hiyo inajifunga na kufanya wavu wa kushika maji. Baada ya dakika mbili hivi utaona nyama inaanza kunata kwenye vidole na kuacha nyuzi nyeupe kwenye kuta za bakuli. Sasa ndiyo tunainywesha. Nina vijiko vitano vya chakula vya maji baridi. Kijiko cha kwanza, koroga mpaka kipotee. Cha pili, koroga. Usimimine vyote kwa pamoja, nyama itakataa na maji yatabaki yanaogelea chini. Hapa unahitaji subira, na wengi wanakosea hapa hapa. Kijiko cha tano kikishaingia, nyama inakuwa laini, inang'aa, ukiinyanyua inateremka taratibu.

Fuata na konflawa, kijiko kimoja cha chakula, kikorogeke vizuri. Kisha yale mafuta tuliyoyakata, uyachanganye kwa upole yasambae. Mwisho kabisa mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chakula na mafuta ya ufuta kijiko kimoja cha chai. Mafuta ya maji yanakuja mwisho kwa sababu ukiyaweka mapema yanaifunika nyama, na maji hayaingii tena.

Kuna wanaoichukua nyama na kuibamiza bakulini mara nyingi. Hiyo ni kazi ya vibonge vya nyama vya supu, vinavyotakiwa viruke mdomoni. Sisi tunataka bapa la nyama linaloachana kwa kijiko, kwa hiyo ibamize mara tatu au nne tu kutoa hewa, halafu iache. Funika, weka kwenye friji nusu saa.

Kama una matai, kile kiazi kidogo cha majini cheusi nje na cheupe ndani, menya manne, katakata madogo, changanya sasa. Kinabaki na ubichi wake hata baada ya mvuke na kinalainisha ule unono. Kama huna, acha. Karoti haichukui nafasi yake.

Wakati nyama inapumzika, andaa sufuria. Huhitaji chombo maalumu. Chukua sufuria pana yenye mfuniko unaobana, weka kigoda cha chuma ndani, au bakuli la bati lililopinduliwa. Mimina maji yafike sentimita nne, yasiguse mahali sahani itakapokaa. Sahani iwe na ukingo ulioinuka, kwa sababu mchuzi utatoka, na iwe ndogo kuliko sufuria ili mvuke upite pembeni. Ukibana kabisa, mvuke unabaki chini, juu hakuivi. Mfuniko ufunge kwa kitambaa safi, ncha zake uzifunge juu ya mshikio zisikaribie moto, ili matone yasidondokee nyama.

Sahani yangu ni ya sentimita 22. Ipake mafuta kidogo, mimina nyama, itandaze kwa mgongo wa kijiko mpaka kimo cha sentimita moja na nusu hivi. Itandaze tu, usiikandamize. Ukiishindilia unafukuza yale maji tuliyohangaika nayo. Katikati bonyeza kishimo kidogo, maana katikati ndipo panapochelewa kuiva. Kiini cha yai kibonyeze kwa ubapa wa kisu kilichopakwa maji, kikiwa bapa kikate vipande vinne au vitano, vipange juu ya nyama. Nyunyiza tangawizi iliyokatwa nyuzi nyembamba.

Maji yachemke kwanza. Narudia, yachemke kwanza, moto mkali, mvuke uwe unatoka kwa nguvu, ndipo sahani iingie. Ukianza na maji baridi nyama inajikamua taratibu na kukauka. Kwenye jiko la mkaa, hakikisha mkaa umewaka wote kabla hujaanza. Funika, hesabu dakika 12, usifunue kuchungulia.

Dakika zimekwisha. Tazameni. Bapa limejitenga na ukingo wa sahani, mchuzi umelizunguka, kiini kimekolea rangi na mafuta yake yanaonekana. Choma kijiti pale katikati: mchuzi ukitoka mweupe usio na wekundu, imeiva. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71 katikati. Wekundu ukibaki, rudisha dakika tatu. Kwa nguruwe hatubahatishi.

Mchuzi huu usiumwage! Nimeona watu wanaishika sahani kwa kitambaa wakaiinamisha kwenye sinki wakidhani ni maji ya mvuke. Yamo maji hayo, lakini humo pia umo utamu wa nyama, chumvi ya yai na mafuta ya kiini. Nyunyiza majani ya kitunguu, leta sahani mezani ikiwa moto, na kila mtu achote nyama pamoja na mchuzi aumwagie juu ya wali mweupe. Wali usiwe wa nazi, wala usitiwe chumvi. Pembeni weka chainizi iliyochemshwa dakika moja na tone la soya.

Kuna njia nyingine ambayo familia nyingi za Kikantoni huitumia kuokoa moto. Unapika wali kwenye sufuria ya umeme, na maji yakishakauka juu, vile vishimo vinapoanza kuonekana, unaweka sahani ya nyama juu ya kile kitako cha mvuke cha sufuria hiyo, juu ya wali, na kufunika. Inachukua kama robo saa, na zote mbili zinaiva pamoja. Nyama iwe nyembamba zaidi, sentimita moja, kwa sababu mvuke wa wali hauna nguvu kama wa maji yanayotokota. Mimi naipenda njia hii zaidi ya ile ya kwanza, kwa sababu matone ya mchuzi yanayofurika yanaangukia kwenye wali.

Ukishaizoea nyama, unaweza kubadilisha kinachokaa juu. Wapo wanaotumia ngisi mkavu aliyelowekwa, wapo wanaotumia uyoga mkavu wa shiitake. Mui choy, mboga ya haradali iliyotiwa chumvi na kukaushwa, inayopendwa sana na Wahakka, jamii nyingine ya Wachina, inaoshwa maji matatu au manne kutoa mchanga na chumvi, inakamuliwa, inakaangwa na sukari kidogo, ndipo inachanganywa na nyama. Na kuna samaki wa chumvi, kipande kidogo cha gramu 30 tu juu ya bapa zima, harufu yake inajaza nyumba. Watu wa pwani mliozoea ng'onda mtaielewa mara moja. Ila huyo samaki wa chumvi wa Kichina, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imemweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hasa ile ya nyuma ya pua. Mle mara chache, na watoto wadogo msiwape.

Kwa watazamaji wangu Waislamu, msidhani nimewasahau. Guangdong kuna bapa la nyama ya ng'ombe linalopikwa vivi hivi, na badala ya yai linatiwa maganda makavu ya chenza. Maganda yanayosifiwa zaidi yanatoka Xinhui, huko huko Guangdong, na kadiri yanavyokaa miaka ndivyo bei inavyopanda. Loweka ganda moja nusu saa, kwangua ule weupe wa ndani maana ni mchungu, katakata laini sana, changanya na gramu 400 za ng'ombe. Ng'ombe anakunywa maji zaidi ya nguruwe, kwa hiyo ongeza yafike vijiko saba, na mafuta ya kupikia yawe vijiko viwili. Kwa kuwa hakuna ute wa yai la chumvi, soya iwe kijiko kimoja cha chakula na chumvi nusu kijiko cha chai. Muda wa mvuke ni ule ule.

Ikibaki, iache kwenye mchuzi wake, funika, weka kwenye friji, ile kesho yake. Kuipasha, irudishe kwenye mvuke dakika sita.