Mwewe wa Kona ya Kushoto

REHEMA: Salum, kabla hujasalimia watu, tuanze na mwewe.

SALUM: Hapana, salamu kwanza. Hamjambo nyote. Leo tuna mambo matano ya kupiga picha nchi tambarare ukiwa safarini, nimeyaandika kwenye karatasi, la kwanza ni…

REHEMA: Picha 140 karudi nazo wiki hii. Uwanda na mbingu, uwanda na mbingu. Na kila picha, kona ya juu kushoto, kuna ndege mmoja. Alfajiri yupo, magharibi yupo. Salum kanitumia na maelezo kabisa: "Tazama mwewe alivyotulia."

SALUM: Si alitulia kweli?

REHEMA: Ni punje ya vumbi, bwana! Mwewe gani anakufuata kilomita 200 na hakosei kona?

SALUM: Haya, vumbi. Jambo la kwanza, upeo wa macho uuweke wapi kwenye…

REHEMA: Ngoja, maana hili ndilo balaa la nchi tambarare. Ukipiga msitu au mtaa, punje ile ile ipo ila imejificha kwenye majani na kuta. Uwandani theluthi mbili ya picha ni mbingu tupu. Ulitumia tundu gani la lenzi, lile linalopitisha mwanga?

SALUM: f/16.

REHEMA: Zote?

SALUM: Zote 140.

REHEMA: Basi umemwalika mwenyewe. Vumbi halikai kwenye kihisi chenyewe, kile kinachopokea picha ndani ya kamera, linakaa juu ya kioo chembamba kinachokifunika. Tundu likiwa wazi, tuseme f/2.8, mwanga unaingia kwa pembe nyingi na kivuli cha punje kinayeyuka. Ukibana hadi f/16, mwanga unakuja mwembamba na kivuli kinachorwa wazi. Ndiyo maana ukipiga sura za watu, tundu likiwa wazi, humwoni.

SALUM: Kumbe mwewe anaogopa watu.

REHEMA: Anaogopa f/2.8.

SALUM: Lakini nilisafisha, dada. Nilimwona kule kule njiani, nikapuliza juu kushoto. Hakuondoka.

REHEMA: Juu kushoto ya wapi?

SALUM: Ya kihisi.

REHEMA: (anacheka) Lenzi inageuza picha juu chini. Ukifungua kamera ukakitazama kihisi kwa mbele, doa la juu kushoto kwenye picha liko chini kushoto. Kushoto kunabaki kushoto, juu ndiko kunakokuwa chini. Wewe ulipuliza kwenye kiota kisicho na ndege.

SALUM: Haya, mwambie msikilizaji anavyompata.

REHEMA: ISO 100, yaani kamera isihisi mwanga kupita kiasi, tundu f/16 au f/22, elekeza kamera ukuta mweupe au mbingu isiyo na wingu. Fokasi iharibu makusudi. Hata ukitikisa mkono wakati shata iko wazi si neno, vizuri zaidi, maana ukuta utavurugika na vumbi litabaki pale pale. Kisha ikuze picha upite kona hadi kona. Ukimwona, betri iwe imejaa, weka kamera kwenye hali ya kusafisha, mdomo wake utazame chini, halafu pampu ya mpira, mibonyezo mitano sita. Kwa kinywa usipulize, mate yatarukia kioo. Na yale makopo ya hewa ya kubana yanaweza kutema kimiminika chake kikaacha doa baya kuliko vumbi.

SALUM: Akigoma?

REHEMA: Kijiti bapa cha kufutia, kipana sawa na kimo cha kihisi chako: milimita 24 kwa kihisi kamili, 16 kwa kile kidogo cha APS-C. Matone mawili ya dawa ya kusafishia kihisi. Ukilowesha sana inakauka na michirizi. Mara moja kwenda, geuza upande wa pili, mara moja kurudi, kisha tupa. Kijiti kilichotumika kimeshabeba mchanga, ukirudia nacho utakwaruza. Na anza na pampu kila mara, kwa sababu hiyo hiyo.

SALUM: Bora asiingie kabisa unapobadilisha lenzi. Uwandani hakuna kizuizi cha upepo, wewe ndiye kizuizi. Zima kamera, upe upepo mgongo, mdomo wa kamera chini, lenzi mpya iwe imeshalegezwa kifuniko cha nyuma. Au kaa garini, madirisha juu, usubiri vumbi litulie ndipo ubadilishe.

REHEMA: Na hicho kifuniko cha nyuma kikung'ute. Watu wanaangalia kamera tu, kumbe mwewe kalala ndani ya kifuniko.

SALUM: Ila hata hivyo, mbona makelele yote haya? Andreas Gursky, mpiga picha Mjerumani, alipotengeneza picha yake ya Rhein II, mwaka 1999, alifuta kwa kompyuta hadi jengo la kiwanda. Nchi tambarare tupu, mikanda ya majani na maji. 2011 ikauzwa dola milioni 4.3. Mimi mwewe mmoja ananishinda kumfuta?

REHEMA: Mfute. Ukishamfuta picha ya kwanza, nakili ufutaji kwa 139 zilizobaki. Lakini zipitie moja moja, maana mti ukifika ile kona programu itakubandikia mbingu katikati ya matawi. Dawa yenyewe ni kuacha f/16. Piga f/8.

SALUM: Hapo sikubali. Mbele kwenye picha kulikuwa na nyufa ya udongo, sentimita 70 kutoka kwenye lenzi. Lenzi ya milimita 24, kihisi kamili, f/16, fokasi mita 1.2: kuanzia sentimita 60 hadi mwisho wa dunia iko sawa. Picha moja, nimemaliza. Kwa f/8 fokasi inakwenda mita 2.4, na kilicho karibu kuliko mita 1.2 kimekufa.

REHEMA: Tripodi, piga mbili uziunganishe. Moja kwenye nyufa, moja mita 2.4.

SALUM: Ya nyufa inakomea karibu mita moja. Ya pili inaanzia 1.2. Katikati pana pengo.

REHEMA: Basi tatu. Ya kati mita 1.7.

SALUM: Tatu! Na nyasi zinacheza na upepo? Unyasi mmoja utatokea mara tatu.

REHEMA: Subiri upepo utue. Kwenye f/16 mwanga unatawanyika tunduni, ukali wa chembe za udongo unapotea. Umebeba kamera ya pikseli milioni 45 kupata picha laini.

SALUM: Laini kidogo, na nainoa baadaye. Unyasi wenye vichwa vitatu haunoleki.

REHEMA: Kunoa hakurudishi kilichopotea.

SALUM: Na kusubiri hakurudishi mwanga. Jua liko chini dakika ishirini tu, ndizo zinazotoa vivuli kwenye nyufa. Wewe dakika kumi na tano unahesabu fokasi.

REHEMA: Nahesabu nyumbani, naandika kwenye kidaftari.

SALUM: Kile kidaftari! Wasikilizaji, mnakijua.

REHEMA: Kisemeni vyovyote. f/8.

SALUM: f/16.

(kimya)

REHEMA: Tumebakiwa na dakika mbili.

SALUM: Mungu wangu, karatasi yangu! Jambo la kwanza: upeo ukiuweka karibu na ukingo wa juu, lenzi pana inaweza kuukunja kama mgongo wa kilima, kwa hiyo washa masahihisho ya lenzi kabla hujaunyoosha. Na upeo ukiinama digrii moja tu, kwenye picha ya pikseli 6,000 kwa upana, ncha moja iko juu ya nyingine kwa pikseli 105 hivi. La pili…

REHEMA: La pili hadi la tano, wiki ijayo.

SALUM: Wiki ijayo ni barua za wasikilizaji.

REHEMA: Basi ile nyingine. Unatazama nini?

SALUM: Picha ya 96. Kuna wawili. Huyu wa pili ana mabawa, dada, naapa.

REHEMA: Fungua ya 97. Kahama?

SALUM: …Hajahama.